Dada, Ile Kaseti Haikunyeshewa

Dada yangu mpendwa,

Takwenya. Nimengoja kidogo hapo nione kama utaitika, maana wewe hukuwa mtu wa kuacha salamu ya mtu ikae hewani. Basi, nitaendelea tu.

Nakuandikia kutoka Kitengela, ndani ya stoo yangu ya spika. Ndiyo, niko na stoo. Niruhusu nijisifu kidogo kwanza ndio mkono upate joto. Kuanzia hapa mpaka Namanga, harusi ikisikika vizuri ujue ni mimi. Mazishi yakisikika vizuri, ni mimi. Mchungaji akihubiri na watu wa mtaa wa pili wakatubu bila kutoka kwa nyumba zao, ni mimi. Shule niliiacha darasa la saba, hiyo unaijua, wewe mwalimu ndiye ulilia mimi nikicheka. Lakini nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, nimekula mkate wa Dubai nikaona hauna chumvi, na hakuna amplifaya imewahi kunishinda. Sasa unajua unaongea na nani.

Lakini hii si barua ya kujisifu. Binti yako Nashipae anatoa albamu na bendi yake. Ndani ya kijitabu cha hiyo albamu kulikuwa na ukurasa wa kusema kwamba kaseti yako ya pili, ile yenye nyimbo sita, iliharibiwa na mvua. Huo ukurasa sasa nimepewa mimi. Aliniambia, "Usiniandikie mimi. Mwandikie Mama, na uandike kila mtu asome." Kwa hivyo nasema mbele ya watu wote: Dada, ile kaseti haikunyeshewa. Ni mimi niliifuta.

Wacha nirudi nyuma, maana hawa watoto wa leo wakisoma hapa hawatajua hata tunaongea juu ya nini.

Unakumbuka siku kinanda kilipoingia boma letu kule nje ya Bisil? Baba alikuwa amekupa mtamba wako mwenyewe, yule mwekundu mwenye doa kwa paji. Msichana wa kwetu akipewa mtamba anangoja azae, na uzao uzae. Wewe ukampeleka Kajiado kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahamishwa, ukarudi umebeba kinanda cha betri kichwani kama mtungi. Mimi nilijificha nyuma ya zizi nisikose kuona utakavyouawa.

Baba alikizunguka mara mbili, vile anazunguka ng'ombe wa mtu sokoni. Akakigonga mgongo. Akainama akachungulia chini.

"Hii inakamuliwa wapi?" akauliza.

"Baba, ngoja," ukasema, ukabonyeza kile kitufe cha ngoma. Tu-tsi-tu-tsi. Ndama wote wakaruka ua. Tulitafuta ndama mpaka jua likaingia, na Baba hakukusemesha mpaka Jumapili. Jumapili ukapiga wimbo wa kanisa, polepole, na Yeyo, mama yetu, akaimba akiwa anakoroga uji. Baba akasikiliza mpaka mwisho. "Angalau haili nyasi," akasema. Kutoka hapo hakuna mtu aliruhusiwa kukikalia.

Halafu zikaanza zile nyimbo zako. Watu wote wanaimba mapenzi, wewe unaimba mwaka elfu mbili na ishirini! Ukuta wa chumba chako ulikuwa umebandikwa kurasa za gazeti la zamani kuzuia upepo. Ukurasa mmoja ulikuwa na picha ya mji wa vioo, watu wanasafiri ndani ya mabomba kama maji. Ulilala ukiangalia hiyo picha, ukaamka na wimbo. Ukaimba kwamba treni itapita juu ya kichwa cha twiga. Ukaimba kwamba mchungaji atapigia soko simu akiwa chini ya mgunga na ng'ombe wake wamesimama hapo. Ukaimba kwamba mtu atabonyeza ukuta maji yatoke. Mimi nilicheka mpaka nikaumwa na mbavu. "Dada," nikakuambia, "twiga atakubali?"

Wacha nikupe ripoti. Treni inapita juu ya twiga. Kweli kabisa, pale mbugani upande wa Nairobi, imewekwa juu ya nguzo ndefu na wanyama wanatembea chini. Nashipae akiwa darasa la sita nilimpeleka tukasimama kando ya fensi, nikamwambia, "Angalia hapo. Hiyo kitu mamako aliiimba kabla mtu yeyote aichore." Simu ya mchungaji pia imekuja, hata Baba alifika mahali pa kukosana na watu wa Illasit kwa simu. Maji bado. Hapa Kitengela maji yanaletwa na lori, na lori lenyewe linakuja likitaka.

Na zile sauti zako ulizitoa wapi? Mimi najua, maana nilikuwepo. Mwito ulitoa kwa akina mama wakiimba kwenye sherehe, mmoja anaongoza na wengine wanapumua chini yake, hhm, hhm, kama kifua cha mnyama mkubwa. Gita ulitoa kwa benga ya kantini ya Bisil, ukaigeuza vidole kwa kinanda. Ile huzuni ya pembeni ulitoa kwa nyimbo za wazungu wa farasi zilizokuwa zinapigwa kwa redio Jumapili mchana, zile zinafanya mtu wa Kajiado alie juu ya shamba la Amerika ambalo hajawahi kuliona. Na ngoma ulitoa kwa disko. Kila kitu ulikitia sufuria moja, na hukuuliza mtu kama vinaiva pamoja.

Kurekodi ndiyo ilikuwa kazi. Asubuhi tu, kabla upepo uanze kuchezea mabati. Unatundika shuka zote za nyumba ukutani, unaweka redio kaseti juu ya kiti, na mimi nakaa mlangoni na fimbo kuzuia mbuzi. Mbuzi wana wivu na muziki, sijui kwa nini. Wiki ngapi nilikaa kwa huo mlango? Nilisikia kila wimbo mara ishirini. Ukikosea, "Aaai!" na tunarudi mwanzo.

Kaseti Namba 1 uliijaza nyimbo za kanisa na tatu za hiyo kesho yako. Namba 2 ilikuwa ya kesho pande zote mbili, nyimbo sita. Siku uliyomaliza ulichukua ncha ya kisu ukavunja yale meno mawili ya kaseti, yale yakitoka hakuna anayeweza kurekodi juu yake. "Sasa hata rais hawezi kuigusa hii," ukasema.

Dada, rais hakuigusa.

Siku ya soko ilifika. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe alikuwa amenipa kazi yangu ya kwanza ya spika: pikapu, betri, na honi mbili za chuma juu ya kebini. Alitaka tangazo la mafahali wake lizunguke Bisil tangu asubuhi. Sikuwa na kaseti tupu. Wewe ulikuwa umeenda kuchota maji. Nikaichukua Namba 2, nikaziba yale matundu kwa karatasi ya sigara iliyotafunwa, mashine ikadanganyika. Nikajiambia nitatumia pale mwanzo tu, dakika mbili, kabla wimbo uanze.

Sasa unajua tabia yangu. Nilisikia sauti yangu kwa mara ya kwanza inatoka kwa mashine, nikaipenda. "Fahali! Fahali wa Bisil! Mgongo kama meza ya chifu! Njoo uone mwenyewe, usiambiwe na jirani!" Nikaongeza. Nikatia mzaha. Nikaiga sauti ya mtangazaji wa habari. Upande ukaisha nikiwa bado naongea. Na badala nisimame, nikaigeuza, upande wa pili nikafanya kwa Kimaa.

Soko lilinipenda siku hiyo. Mpaka leo kuna wazee wananiita Fahali.

Jioni ukaniuliza kaseti iko wapi. Nikakuambia mvua iliingia kwa pikapu ikaharibika, nikaitupa.

"Mvua?" ukasema. "Bisil? Mwezi wa nane?"

Ukaniangalia. Mtu yeyote wa kwetu anajua mwezi wa nane Bisil hata umande hauji. Mimi nilikuwa naangalia vidole vya miguu yangu, vimejaa vumbi. Ukarudi kuchambua maharagwe. Baadaye ukasema, bila kuinua kichwa, "Basi, nitaziimba tena siku nyingine." Hukunipiga. Hukumwambia Baba. Kama ungenipiga, Dada, hii barua ingekuwa fupi sana.

Hiyo siku nyingine haikupatikana. Ulipelekwa kufundisha watoto wadogo Isinya, ukaolewa, betri zikavuja ndani ya kinanda. Nashipae akazaliwa, na akiwa na miaka minne ugonjwa ukakuchukua. Yeyo akamlea, halafu mimi nikamchukua huku Kitengela. Akaniuliza mamake alikuwa anaimba nini. Nikampa Namba 1. Akaniuliza hii imeandikwa moja, ya pili iko wapi? Nikampa ile mvua. Nilimpa mtoto wako mvua yangu, na kwa vile yeye ni mtoto wa mjini, hakuuliza ni mwezi gani.

Sasa ni mwanamke mzima. Ana shingo yako na hasira yako ya kimya. Bendi yake inaitwa Stima Imerudi, na mtu wa Kitengela, anayekatiwa umeme kila wiki, haulizi kwa nini. Wako watatu. Yeye anaimba na kupiga kinanda, msichana mmoja mkimya kutoka Rongai anapiga besi, na Kamau anapiga gita. Kamau babu yake alikuwa mtu wa benga kule Murang'a, hivi vidole vimerithiwa kama pua. Albamu inaitwa Kesho ya Kitambo.

"Apu," Nashipae akaniambia. Ananiita Apu, vile mtoto wa Maa anamwita ndugu ya mamake. "Ni muziki wa kesho, lakini ile kesho watu walikuwa wanaiwaza zamani. Roketi za mabati. Roboti ya kukamua."

"Kwa hivyo ni wa zamani ama ni wa kesho?"

"Ni wa zote."

"Kama mimi," nikamwambia. Akanitupia waya.

Walikuja hapa stoo mchana mmoja wanisikilizishe ikiwa imeisha, maana maneno ni mengi lakini spika nzuri ni zangu. Dada, nilikaa chini. Ngoma ni kile kinanda chako. Mimi ndiye nilikifungua, nikakwangua kutu ya betri, nikaunga waya upya. Kitufe kile kile, tu-tsi-tu-tsi. Juu yake Kamau anacheza benga lakini ameipitisha kwa mashine, inatoka kama taa zinazowakawaka. Kuna mlio wa habari za redio za zamani. Kuna wale akina mama wa kupumua, hhm, hhm, ni Nashipae peke yake amejirekodi mara tisa. Wimbo wa kwanza ni treni yako na twiga, ule wa Namba 1. Mimi kila kitu kikiingia nasema, "Hiyo najua imetoka wapi! Hiyo pia najua!" Kamau akasema, "Mzee ni maktaba." Nikavimba kichwa.

Halafu wimbo wa mwisho ukaanza. Unaitwa "Mvua ya Bisil."

Hauna ngoma. Ni sauti yake na kinanda kimoja. Anaimba kwamba mvua ilikuja mara moja tu ikachukua nyimbo sita, na yeye kila kukinyesha anatoka nje kusikiliza mabati, labda mvua imezirudisha. Ni wimbo mzuri kupita yote. Hata mimi mwenye lawama niliona ni mzuri kupita yote. Ukaisha. Kamau akanong'ona, "Mzee analia." Nikasema ni vumbi la Kitengela.

Nashipae akafungua daftari. "Apu, nataka niandike vizuri kwa kijitabu. Hiyo mvua ilinyesha mwezi gani?"

Ni swali lako, Dada. Sauti ilikuwa yako pia. Nimedanganya askari wa mipaka mitatu bila kupepesa jicho, lakini hapo ulimi ulikataa. Nikasimama, nikashusha kopo la mafuta ya kupikia juu ya rafu, nikatoa Namba 2. Sikuwa nimeitupa. Karatasi ya sigara bado iko kwa matundu. Nikasema, "Hakukunyesha," nikaitia kwa mashine, nikabonyeza.

"Fahali! Fahali wa Bisil! Mgongo kama meza ya chifu!"

Tuliisikiliza upande mzima. Hakuna mtu alicheka. Kamau aliuliza kama kompyuta inaweza kupata kitu chini ya hiyo sauti, hata kidogo tu. Wakajaribu. Hakuna kitu, Dada. Hata pumzi. Ile mashine yetu ilikuwa duni kwa kila kitu isipokuwa kufuta.

Nashipae alikunja nyaya zake moja moja, vizuri sana. Mlangoni akageuka.

"Mama alijua?"

"Nafikiri alijua."

"Na hakusema?"

"Hakusema."

"Mimi si Mama," akasema, akaenda.

Wiki mbili sikumsikia. Albamu ikasimamishwa, hiyo niliisikia kwa Kamau. Nilifanya harusi tatu katika hizo wiki, na katika zote tatu watu waliuliza kama niko mgonjwa, maana sikujisifu kwa maiki hata mara moja. Nilianza kufikiria Kitengela bila huyo mtoto kuingia hapa akinitukania rangi ya spika. Sikupenda.

Kisha asubuhi moja akaja, amebeba maiki na kiti. Hakusalimu. Akaweka kiti katikati ya stoo, akatundika mablanketi ukutani. Yeye hajui nani alifanya hivyo kabla yake, nilimwambia ya mlango na mbuzi tu, ya shuka sijawahi.

"Ulikuwa mlangoni," akasema. "Ulizisikia zote. Imba."

"Nashi, sauti yangu ni ya mafahali."

"Sijauliza sauti ikoje. Imba."

Niliimba siku nne. Mimi! Mtu wa kuwapa wengine maiki. Koo kama lori likipanda mlima. Wimbo wa simu ya mchungaji ulirudi wote. Wa maji ya ukutani ulirudi, na ule wa mji wa vioo, na ule wa mabomba, na wa shule ya mwezini ambapo mwalimu anafundisha akielea. Kila nikifunga macho naona fimbo na mbuzi, na nasikia pale unasema "Aaai!" Nashipae anaandika, Kamau anatafuta noti, msichana wa besi ananipa chai. Hapo katikati nilianza tena kujivuna kidogo, nikasema dunia nzima ni mimi peke yangu ninazijua hizi nyimbo. Nashipae akainua macho. "Ndiyo," akasema, "na ni nani alifanya iwe hivyo?" Nikanywa chai.

Nyimbo tano zilikuja nzima. Wa sita ndio ule wa mtoto. Unakumbuka? Ulikuwa hujaolewa, hata huna mchumba, unamwimbia mtoto atakayezaliwa huko mbele. Ubeti wa kwanza unamwambia vitu atakavyovikuta: treni, vioo, taa zisizozimika. Kiitikio ninacho. Kisha ubeti wa pili unaanza, "Na ukinisikia, mwanangu," na hapo, Dada, sina. Nafikiri ni hapo mbuzi walivunja ua kila siku nikawa nakimbia. Ama sikuwa nasikiliza. Nilikuwa kijana, nyimbo za watoto zilikuwa zinanichosha.

Nashipae ameshika kalamu, ananiangalia mdomoni. Alikuwa amengoja huo ubeti tangu akiwa na miaka minne.

Na mimi najijua. Ningeweza kuutunga hapo hapo. Maneno matamu ya mama kwa mtoto, nikiwa usingizini natoa beti kumi. Angeandika, angelia, angenikumbatia, na hakuna mtu duniani angejua. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Sikumbuki," nikasema.

"Hata neno moja?"

"Hata moja, mwanangu. Na sitakutungia."

Akafunga kalamu. Halafu akamwambia Kamau, taratibu, kwamba huo ubeti usijazwe. Si kwa gita, si kwa akina mama wa kupumua. Kinanda kipige peke yake urefu wote wa ubeti, na yeye asimame kimya mbele ya maiki mpaka kiitikio kirudi.

"Mvua ya Bisil" umeondolewa. Kamau alitaka tuweke yale mafahali yangu mahali pake, eti ni kali sana. Nashipae alikataa, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nimekubali sauti yangu iachwe nje. Nyimbo zako sita zimeingia zote. Jumamosi wanazipiga mbele ya watu wa hapa Kitengela, na mimi ndiye nitakuwa kwa mitambo. Ukifika ule ubeti wa pili watu watafikiri maiki yake imekufa, watanigeukia, wengine watapiga mbinja. Ni mimi na jina langu lote. Sitagusa kitu. Nitaacha maiki yake wazi, sauti juu, hivyo hivyo, mpaka ubeti uishe.

Pumzika, Dada. Mtoto yuko sawa.

Ni mimi, ndugu yako mdogo.